Kuvusha Bustani ya Mboga Kiangazi cha Dodoma, Kuanzia Septemba Hadi Mvua za Kwanza

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni takribani milimita 570. Baada ya hapo hufuata miezi saba ya ukavu, lakini miezi hiyo haifanani. Juni na Julai huwa na usiku wa baridi na mchana usiochosha, na mwenye maji huweza kuvuna mboga nzuri kuliko hata za wakati wa mvua. Taabu huanza Septemba, jua linapokaribia utosi, upepo unapovuma mchana kutwa, na hewa inapokauka kiasi kwamba nguo zilizoanikwa saa nne asubuhi huanuliwa saa tano.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye bustani ya nyumbani, anayemwagilia kwa ndoo, keni au mpira wa bomba, na ambaye maji yake yana mgao au gharama. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya maji tunayoyamwaga wakati wa kiangazi haifiki kwenye mizizi: mengine hupeperushwa na upepo, mengine hukauka juu ya udongo ulio wazi, na mengine hupotea chini kwenye kichanga. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ndoo ya ziada, ni lazima kwanza kuziba njia ambazo ndoo iliyopo inapotelea.

Hatua ya kwanza: pima maji kabla ya kupima ardhi

Wengi huanza na eneo walilonalo, wakalilima lote, ndipo wakaanza kulitafutia maji. Kwa kiangazi utaratibu huo haufai. Kwa muda wa wiki moja, andika idadi ya ndoo za lita 20 ambazo nyumba yako inaweza kuzitoa kwa ajili ya bustani bila mtu yeyote kukosa maji ya kupikia wala ya kuoga, na uzihesabu pia zile siku ambazo bomba halitoi kitu. Panga bustani yako kwa kufuata siku mbaya ya wiki hiyo, si siku nzuri.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita moja ya maji ikimwagwa sawasawa juu ya mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja. Mwezi Oktoba, eneo lenye mimea iliyostawi hupoteza milimita 5 hadi 7 za maji kwa siku kupitia majani na udongo. Jaruba lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 lina mita za mraba 4, na kwa hiyo huhitaji kati ya lita 20 na 28 kila siku. Ukitandaza nyasi na kukinga upepo kama itakavyoelezwa mbele, ndoo moja kwa jaruba moja kwa siku ni kipimo kizuri cha kuanzia. Nyumba yenye ndoo tatu za ziada kwa siku ina bustani ya majaruba matatu, hata kama uwanja wake unatosha kumi.

Mwaka mmoja nilipanda miche 80 ya nyanya mwezi Agosti kwa sababu tu miche ilikuwa mingi kitaluni na sikutaka kuitupa. Kufikia katikati ya Oktoba kila mche ulikuwa ukipata kikombe kimoja cha maji kwa siku, na hakuna hata mmoja uliozaa tunda la kupeleka jikoni. Miche 15 ingepata maji ya kutosha na ingelisha nyumba nzima. Tangu hapo, miche inayobaki huigawa kwa majirani siku ileile.

Mwenye paa la bati asisahau hesabu ya upande wa pili. Paa lenye mita za mraba 60 hupokea zaidi ya lita 34,000 za mvua kwa mwaka wa kawaida wa Dodoma, na hata ukiondoa theluthi nzima kwa ajili ya maji yanayoruka nje ya mifereji na yale ya mvua za kwanza yanayoosha vumbi, bado zinabaki zaidi ya 22,000. Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Hata hivyo, tanki moja la lita 5,000 lililojazwa Aprili na kufungwa bila kuguswa linaweza kutoa ndoo tatu kwa siku kwa siku 83, yaani kuanzia Septemba 10 hivi hadi mwisho wa Novemba, ambao ndio muda mgumu kuliko wote. Neno la muhimu hapo ni kufungwa, kwa sababu tanki lililo wazi kwa matumizi ya kila siku huwa tupu kabla ya Juni kwisha.

Hatua ya pili: chagua mazao yanayolijua jua

Kabichi, letusi na karoti ziachwe hadi Mei ya mwakani. Mbegu ya letusi hulala bila kuota udongo unapopata joto kali, na karoti huchelewa kuchipua kiasi kwamba tabaka la juu la udongo hukauka mara nyingi kabla ya kichipukizi kutokeza. Nyanya nazo zina wakati wake: zikipandikizwa mwanzoni mwa Juni huanza kuvunwa mwishoni mwa Agosti, na joto likifika huwa zimekwisha toa sehemu kubwa ya mavuno. Zikipandikizwa Agosti, hutoa maua wakati wa joto na upepo mkavu kabisa, na maua hayo hupukutika bila kushika tunda.

Mazao yanayostahili maji yako kuanzia Septemba ni bamia, nyanya chungu, bilinganya, kunde za majani, mchicha, mgagani na matembele. Bamia hasa hulipenda joto, na bilinganya hustahimili kwa sababu mizizi yake hushuka mbali. Mchicha hauna uvumilivu huo, lakini una sifa nyingine inayoufaa msimu huu: huvunwa wiki tatu hadi nne tu baada ya kusiwa, hivyo ukishindwa na maji hupotezi kazi ya miezi mitatu. Kwenye kingo za bustani panda mlonge. Ukishashika ardhi hauhitaji ndoo yako tena, na majani yake huliwa kiangazi chote.

Ifahamike pia kwamba si lazima bustani ibebe mzigo wote wa kitoweo. Wenyeji wa Ugogo wamekuwa wakichuma mlenda na majani ya kunde wakati wa mvua, wakayakausha, na kuyala na ugali miezi ambayo ardhi haina jani. Debe moja la mboga kavu lililowekwa Machi hukupunguzia jaruba zima mwezi Oktoba, na halihitaji maji hata tone hadi siku linapoingia chunguni.

Hatua ya tatu: zamisha majaruba

Matuta yaliyoinuliwa, ambayo vitabu vingi vya bustani huyasifu, yanafaa mahali penye maji mengi. Katika kiangazi tuta hilo hukaushwa na upepo kutoka juu na pembeni zote mbili. Sisi tunataka kinyume chake. Chimba jaruba lenye upana wa mita 1, ili uweze kufika katikati bila kulikanyaga, na uso wake uwe chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15. Udongo wa juu uliouondoa weka pembeni, tifua chini kwa kina cha sentimita 30, kisha urudishe ule wa juu ukiwa umechanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri, kiasi cha ndoo mbili hadi tatu kwa kila mita ya mraba. Udongo unaobaki ujengee kingo. Sawazisha uso kwa uangalifu, maana jaruba lililoinama hata kidogo hukusanya maji upande mmoja na kuacha upande wa pili ukiwa mkavu.

Udongo mwekundu wa kichanga, ambao ndio ulioenea maeneo mengi ya mji, hauwezi kushika maji bila mboji, na hapo usibane mkono. Kwa udongo mweusi wa mbugani mambo ni tofauti: unashika maji vizuri mno, lakini ukikauka hupasuka nyufa zinazokata mizizi, na maji hupitia humo moja kwa moja kwenda chini. Dawa yake ni kuuzuia usikauke kabisa, na kuzijaza nyufa kwa mboji laini kabla ya kumwagilia. Samadi iwe imekaa angalau miezi mitatu. Samadi mbichi, na hasa ya kuku, ikiwekwa kwenye udongo wenye maji machache huunguza mizizi kwa chumvi zake.

Hatua ya nne: mwagilia kwa kina

Kosa linaloua bustani nyingi ni kunyunyiza kidogo kila jioni. Uso wa udongo hulowana, mwenye bustani huridhika, na kesho saa nne asubuhi maji yote yamekwisha ruka. Baya zaidi, mizizi huyafuata maji yalipo. Ikizoea kupata unyevu kwenye sentimita 5 za juu, hubaki hukohuko juu, mahali ambapo joto la udongo ulio wazi mchana huweza kuichoma.

Ili kujua maji yamefika wapi, tumia kipande cha nondo nyembamba cha nusu mita. Saa mbili baada ya kumwagilia, kisukume udongoni kwa mkono. Kitapita kwa urahisi penye unyevu na kitakwama penye ukavu, na kina ulichokipata ndicho maji yako yalikofika. Kwa mboga za majani tafuta sentimita 20 hadi 30. Kwa bilinganya, nyanya chungu na bamia tafuta zaidi ya hapo. Nilipoanza kutumia nondo hiyo niligundua kwamba ndoo niliyokuwa nikiigawa kwa majaruba mawili ilikuwa ikishuka sentimita 7 tu. Niliacha kumwagilia yote kila siku, nikawa nalipa jaruba moja ndoo nzima leo na jingine ndoo nzima kesho. Maji hayakuongezeka hata kidogo, lakini mboga zilibadilika ndani ya siku kumi.

Kwa hiyo, mboga za majani zipewe maji kila baada ya siku moja, na mazao yenye mizizi mirefu kila baada ya siku mbili au tatu, lita 4 hadi 6 kwa shina. Kwenye kichanga kitupu, ambacho hakiwezi kushika kiasi hicho kwa mkupuo, gawa mara mbili. Kabla ya kuamua kwamba jaruba lina kiu, chimbua udongo kwa kidole hadi sentimita 10 na uufumbate: ukishikamana na kuacha unyevu kiganjani, subiri hadi kesho, ukimwagika kama unga, umechelewa.

Wakati mzuri ni alfajiri, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado umelala na udongo ukiwa umepoa. Jioni baada ya saa kumi na mbili pia inafaa, mradi maji yaelekezwe kwenye mashina na si kwenye majani, kwa sababu majani yaliyolala na maji hukaribisha magonjwa ya ukungu. Wanaotumia mpira wa bomba wajihadhari na jambo dogo linalosahaulika: mpira ulioachwa juani una maji ya moto kweli, hivyo yaanze kwanza kuingia kwenye ndoo hadi yapoe.

Kuna njia mbili za kumwagilia chini ya ardhi ambazo hazihitaji umeme wala fedha nyingi. Ya kwanza ni chungu. Nunua chungu kipya cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, chenye ujazo wa lita 5 hadi 7. Kijaze maji ukiache kivulini, na kama baada ya saa kadhaa ukuta wake wa nje umepata unyevu, kinafaa. Chungu kilichowahi kupikiwa mafuta hakifai, kwani vinyweleo vyake vimeziba. Kizike hadi shingoni katikati ya jaruba, kifunike kwa kigae au jiwe bapa, na upande mimea kukizunguka kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20. Udongo ukiwa mkavu huvuta maji kupitia ukuta wa chungu, na ukiwa na unyevu wa kutosha huyaacha humo, kwa hiyo mmea wenyewe ndio unaopanga kipimo. Utakijaza kila baada ya siku mbili hadi nne. Kifuniko ni cha lazima kwa chungu kama kilivyo kwa pipa na tanki, maana maji yaliyo wazi ni nyumba ya mbu.

Njia ya pili ni chupa ya plastiki ya lita 1.5 iliyotobolewa kitundu kimoja cha sindano kwenye kifuniko na kusimikwa kichwa chini kando ya shina. Hii inafaa kwa miche michache ya thamani, si kwa jaruba zima la mchicha. Mabomba ya matone ni bora kuliko njia zote mbili kwa mwenye uwezo, ila yawekewe chujio na yasafishwe mara kwa mara, kwa sababu maji ya visima vingi vya huku huacha chokaa inayoziba matundu.

Kuhusu maji yaliyokwisha tumika, yale ya kuoshea mchele na mboga yatumike popote. Maji ya kufulia na ya kuoga yapelekwe kwenye mipapai, migomba na miti, siku hiyohiyo bila kulazwa, na yasiguse kabisa mboga zinazoliwa mbichi. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yamwagwe mbali na mmea wowote. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi iliyopanda kutoka chini au iliyoletwa na maji yako. Usiipalilie ndani, bali ikwangue uitoe, kisha umwagilie mara moja kwa maji mengi ya kuisukuma chini ya mizizi, hata kama itabidi jaruba jingine lisubiri siku moja.

Hatua ya tano: tandaza, na ujihadhari na mchwa

Udongo ulio wazi mwezi Oktoba usiuachie jua hata siku moja. Mwagilia kwanza, kisha utandaze nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa, maganda ya karanga au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Ukitandaza juu ya udongo mkavu utakuwa umeufunika ukavu. Maranda ya fundi seremala yanafaa yakiwa juu tu. Yakichanganywa na udongo hunyang'anya mimea naitrojeni, na majani hugeuka manjano. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, vinginevyo utakuwa umejipandia magugu.

Sasa tuje kwa mchwa, jambo ambalo miongozo iliyoandikwa nchi za baridi hailigusi. Matandazo ni chakula chao, na mara ya kwanza nilipotandaza mabua ya mtama nilirudi baada ya siku tano nikakuta yamejengewa udongo, na mashina matatu ya bilinganya yamekatwa. Hata hivyo si sababu ya kuacha kutandaza. Acha duara tupu la sentimita 5 kuzunguka kila shina, yaongeze matandazo kidogokidogo badala ya kuweka rundo, na uyafunue asubuhi kila baada ya siku chache ili kuvunja vichuguu vyao. Mchwa huelekea zaidi kwenye mmea uliodhoofika kwa kiu kuliko ulio na maji, na wakiwa na mabua ya kula mara nyingi huyamaliza hayo kwanza. Majivu yanayosifiwa sana sijaona yakiwazuia zaidi ya siku mbili tatu.

Hatua ya sita: kivuli kitoke juu, kinga ya upepo itoke mashariki

Dodoma ipo takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi wiki ya pili ya Oktoba. Saa sita mchana ukuta hauna kivuli cha kumpa mtu, na bustani iliyokuwa ikipata nafuu ya ukuta mwezi Juni hubaki uchi. Kivuli cha msimu huu lazima kiwe dari. Simika nguzo za mita 2 ili upate nafasi ya kufanyia kazi chini yake, na juu yake weka neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 35 ya mwanga kwa mboga zilizokua, au ya asilimia 50 kwa kitalu cha miche. Ukizidisha hapo, bamia na bilinganya zitarefuka bila kuzaa.

Asiye na neti atumie fito, matete au mabua ya mtama, akiyapanga kwa kuacha nafasi sawa na upana wake na kuyaelekeza kaskazini na kusini. Mwelekeo huo una maana: jua likisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, mistari ya kivuli hutembea juu ya majaruba, na hakuna mmea unaounguzwa wala kunyimwa mwanga kwa saa nyingi mfululizo. Upande wa magharibi ongeza pazia la mabua lishuke hadi kimo cha kiuno, kwa sababu jua la saa tisa alasiri ndilo linalokuta udongo ukiwa umekwisha pata moto.

Upepo hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kwa maoni yangu huiba maji mengi kuliko wenye bustani wanavyokubali. Kizuizi kizuri ni kile kinachopitisha nusu ya upepo, kama uzio wa matete au safu mbili za mbaazi. Ukuta mzima huurusha upepo juu, kisha ukashuka kwa kishindo upande wa pili. Uzio wa kimo cha mita 1.5 hupunguza kasi ya upepo kwa umbali unaofika mita 10 hadi 15 nyuma yake. Mbaazi zinazopandwa Desemba na mvua huwa zimefika kimo hicho kufikia Septemba, hivyo mwenye kusoma hili akiwa amechelewa atumie matete mwaka huu na aweke akiba ya mbegu.

Hatua ya saba: sia na pandikiza kwa saa za jioni

Mbegu za mchicha na mgagani zipandwe kwenye vifereji vilivyolowanishwa kwanza, zifukiwe kwa udongo mwembamba, kisha zifunikwe kwa nyasi zitakazoondolewa jioni ya siku zinapochipua. Ukichelewa kuziondoa kwa siku mbili, miche itakuwa myeupe na dhaifu. Mbegu za bamia zilowekwe usiku mmoja kabla ya kupandwa.

Miche ya kupandikiza izoezwe: siku saba kabla ya kuhama, punguza maji yake na uiongezee jua hatua kwa hatua. Siku yenyewe, imwagilie asubuhi, chimba mashimo saa kumi na moja jioni, jaza kila shimo maji na uyaache yanywewe, ndipo upande mche pamoja na udongo wake, ukiuzamisha zaidi kidogo kuliko ulivyokuwa kitaluni kama ni nyanya. Kata nusu ya majani makubwa ya chini. Chomeka vijiti vya majani upande wa magharibi wa kila mche kwa siku tano hadi saba, na usiweke mbolea ya dukani hadi utakapoona jani jipya.

Hatua ya nane: usome mmea kabla ya kuumwagilia

Maboga na matembele hulegeza majani saa saba mchana hata udongo ukiwa na maji ya kutosha, kwa sababu jani linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoyaleta. Yaangalie tena saa moja jioni. Yakiwa yamesimama, hayana tatizo. Yakiwa bado yamelala, na hasa yakiamka yamelala alfajiri, ndipo kiu imethibitika. Mmea mmoja wa nyanya au bilinganya ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani huku jirani zake wakiwa wazima, kata kipande cha shina ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna maji wala dawa itakayouponya. Ung'oe na mizizi yake, uuchome, na usipande jamii hiyo hapo kwa miaka kadhaa.

Kitako cha nyanya kikiwa cheusi na kilichobonyea, sababu kubwa ni maji yanayokuja kwa vipindi visivyo na mpangilio, jambo linalozuia kalisi kufika kwenye tunda. Mabaka meupe yaliyokauka upande mmoja wa hoho au nyanya ni jua lililounguza tunda baada ya majani kupunguzwa mno.

Mdudu wa msimu huu ni utitiri mwekundu. Huanza kama nukta ndogo za manjano juu ya jani, na ukiligeuza utaona utando mwembamba na vijidudu visivyozidi ncha ya kalamu. Hushamiri kwenye joto, vumbi na mimea yenye kiu. Osha upande wa chini wa majani kwa maji alfajiri, siku tatu mfululizo, na ukate yaliyoharibika kabisa. Maji ya sabuni isiyo kali husaidia yakipuliziwa jioni, lakini yajaribu kwanza kwenye majani mawili, kwani juani huunguza. Kukimbilia dawa kali ya wadudu huua hata wale wanaomla utitiri, na wiki mbili baadaye hurudi akiwa mwingi kuliko mwanzo.

Hatua ya mwisho: jiandae kuibomoa kazi yako

Mawingu yakianza kukusanyika mwishoni mwa Novemba, majaruba yaliyozama yanageuka hatari. Mvua za kwanza za Dodoma huja kwa kishindo, na zinaweza kumwaga milimita 40 kwa alasiri moja juu ya ardhi ngumu isiyonywa haraka. Jaruba lililokuwa likihifadhi ndoo yako moja litakuwa dimbwi, na bamia zilizostahimili miezi mitatu ya jua zitaoza mizizi kwa siku tatu. Fungua mlango wa upana wa jembe kwenye ukingo wa chini wa kila jaruba na uchimbe mfereji wa kuyapeleka maji kwenye mipapai. Shusha neti au matete kabla hayajalemewa na kuangukia mimea, toa vyungu ardhini na uvianike, safisha mifereji ya paa na mdomo wa tanki, na mbaazi za uzio wa mwakani zipandwe siku mbili baada ya mvua ya kwanza kubwa.